Uzuri Usio na Mwenyewe

Anayeonekana kwenye picha siye anayeimba. Mtu anayetaka kuzishitaki nyimbo za filamu za Kihindi za zamani huanzia hapo, na ana haki. Madhubala anafungua kinywa, sauti ni ya Lata Mangeshkar. Mvua ni ya mabomba, mwezi ni taa, kasri ni mbao na plasta ndani ya studio ya Bombay. Shutuma yenyewe ni ya kale. Plato alimweka mchoraji wa kitanda mbali na ukweli, kwa kuwa anaiga kile ambacho seremala naye amekiiga. Hata hivyo nadhani mambo ni kinyume: kutenganishwa kwa sauti na mwili, pamoja na ubandia wa kila kinachoonekana, ndiko kunakouwezesha uzuri wa nyimbo hizi kusema kweli, maana unaonyesha hisia isiyo mali ya mtu yeyote.

Tuchukue wimbo wa Kaagaz Ke Phool, filamu ya Guru Dutt ya mwaka 1959, ule ambamo mwongozaji wa filamu na mwigizaji anayempenda wamesimama ndani ya studio tupu. Hakuna anayefumbua mdomo. Sauti ya Geeta Dutt inapita juu yao, na mwale mpana wa mwanga unashuka ukilikata giza, vumbi likielea ndani yake. Mpigapicha V. K. Murthy aliupata mwale huo kwa vioo, akalinasa jua la nje na kulirusha ndani. Kisha taswira zao zinatoka kwenye miili na kusogeleana, mahali ambapo miili yenyewe haithubutu kwenda. Wengi huitazama sehemu hii kama shajara ya nyumba ya Guru Dutt, kwa kuwa mwimbaji alikuwa mkewe na mkasa unamhusu mwongozaji ambaye ndoa yake imeharibika. Tafsiri hiyo inanichosha. Ukiijua habari hiyo umepata umbea. Usipoijua hupungukiwi kitu. Kinachoonekana pale si huzuni ya Guru Dutt, wala ya mwigizaji Waheeda Rehman, wala ya Geeta. Ni huzuni yenyewe, imepewa mahali pa kukaa kati ya watu wawili. Kama Waheeda angechezesha midomo, ingekuwa yake.

Wahindi walilitafakari jambo hili karne nyingi kabla ya kamera. Natyashastra, kitabu cha Kisanskriti kuhusu maigizo kinachonasibishwa na Bharata, kinaieleza hisia ya jukwaani kwa mfano wa chakula: viungo vingi hupikwa pamoja hata ikatoka ladha isiyomo katika kiungo kimoja peke yake. Ladha hiyo huitwa rasa. Abhinavagupta, mwanafalsafa wa Kashmir aliyeishi karibu na mwaka 1000, alilifikisha swali mbali zaidi: huzuni ya jukwaani ni ya nani hasa? Si ya mhusika, maana huyo ni wa hadithi. Si ya mwigizaji, kwa sababu akili yake iko kwenye hatua zake na zamu yake. Wala si ya mtazamaji na shida zake za nyumbani, kwani huzuni ya nyumbani huikimbia, lakini hii anailipia kiingilio. Jibu lake ni kwamba sanaa huivua hisia umiliki, na anayeionja hujisahau kwa muda, katika hali iliyo jirani na furaha ya mcha Mungu aliyezama katika tafakuri, ingawa si hiyo hiyo. Kwa kipimo hiki, sauti ya kuazima ni hatua ya kwanza ya kuivua hisia umiliki.

Mtu atasema kwamba sauti za kuazima zilianza miaka ya 1930 kwa sababu za kiufundi, si za kifalsafa. Sawa, lakini chanzo cha kitu hakiamui kazi yake yote. Tena udanganyifu una dalili moja: hufa ukifichuliwa. Santuri ya wimbo maarufu wa filamu ya Mahal (1949) ilitoka ikiwa na jina la mhusika, Kamini, badala ya mwimbaji. Wasikilizaji wa redio wakadai kujua anayeimba ni nani, wakaambiwa ni Lata. Wimbo haukupoteza chochote.

Baada ya sauti, tuutazame ubandia wa picha. Katika Mughal-e-Azam ya K. Asif (1960), iliyopigwa sehemu kubwa bila rangi, rangi zinafumka tunapoingia Sheesh Mahal, ukumbi wa vioo. Vioo hivyo vilimtesa mpigapicha R. D. Mathur, kwa kuwa mng'ao wa taa ulirudi kwenye lenzi, ikabidi mwanga upitishwe kwa njia ya kuakisiwa. Anarkali, mcheza ngoma wa kasri, anamkabili mfalme Akbar na kuimba kwamba mapenzi si wizi. Ghafla sura yake inajaa katika kila kipande cha kioo darini, na mfalme anayeinua macho hana pa kuyaweka. Msufi Ibn Arabi aliufananisha ulimwengu na kioo ambamo Mmoja hudhihirika kwa sura nyingi. Hapa wingi huo umepewa mtu wa chini kabisa ukumbini, na utajiri wa mfalme mwenyewe ndio unaotoa ushahidi dhidi yake. Kama Anarkali aliwahi kuishi, wanahistoria hawajakubaliana. Kihistoria tukio hilo ni la kubuni, lakini kuhusu mamlaka linasema kweli ambayo mazungumzo ya filamu hiyo, pamoja na ufasaha wake wote, hayaifikii.

Pingamizi zito zaidi ni la kimaadili. Nyimbo hizi zimepamba utumwa. Tawaif, mwanamke aliyefunzwa ushairi, kuimba na kucheza ili awaburudishe wakubwa, huonyeshwa katikati ya mazulia na chemchemi mpaka mtazamaji aione jela kuwa bustani. Kwa filamu nyingi nakubali. Pakeezah ya Kamal Amrohi (1972) ina mazulia na chemchemi zote hizo, lakini mwishoni mwanamke anacheza katika harusi ya mwanamume anayempenda, anavunja taa na kukanyaga vigae vyake hadi shuka jeupe linatapakaa damu. Hapo uzuri unashitaki. Mwigizaji mkuu, Meena Kumari, alikuwa mgonjwa sana, hivyo sehemu ya ngoma ile ilichezwa na Padma Khanna, uso umefunikwa. Uso wa mmoja, miguu ya mwingine, sauti ya Lata: nadharia ya Abhinavagupta imetimia kabisa, na hapo hapo imefika mpaka wake. Meena Kumari alifariki tarehe 31 Machi 1972, wiki chache baada ya filamu kutoka. Hisia inaweza kukosa mwenyewe, maumivu hayakosi.

Msomaji Mwislamu wa Unguja au Mombasa ana hoja yake pia, aliyoirithi kwa mwanazuoni Ghazali. Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, anaeleza katika kitabu chake Ihya kwamba sauti nzuri haitii moyoni kisichokuwemo, huamsha kilichomo. Na aliweka masharti, la kulinda macho likiwamo, ambayo filamu hizi haziyatimizi. Simwiti awe wakili wa filamu hizo. Lakini tazama anavyopingana na Abhinavagupta: kwake hisia ina mwenyewe, naye ni msikilizaji, na ataulizwa. Pwani yetu ina ushahidi kwa wote wawili. Watu wasiojua Kihindi walizijaza sinema za Zanzibar na Mombasa, na mwimbaji wa taarab Juma Bhalo alizitwaa lahani zile, akaziacha picha Bombay na kuzitilia mashairi ya Kiswahili, watu wakalia upya. Ghazali angewauliza wanamlilia nani, na swali lake ni halali. Abhinavagupta angejibu kwamba wimbo ulipokuwa ukiendelea, hapakuwa na jina la kutaja.