Mzigo na Furushi

Soma kwa ajili ya somo hili: Mwanzo 41:33–36, Mambo ya Walawi 27:8, 2 Wafalme 4:1–7, Luka 13:1–5, Luka 16:1–8, Wagalatia 6:1–5.

Mwanzoni mwa 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake kwa nchi za nje. Katika majuma machache miradi mingi ya afya ikasimama nchini Tanzania na Kenya, hasa ile ya VVU. Watunza takwimu, wafuatiliaji wa wagonjwa, wahasibu na madereva wa miradi wakapewa barua za kuachishwa kazi. Wengi wao ndio waliokuwa wakitegemewa na ukoo mzima, na kanisani majina yao hayakukosekana kwenye orodha ya ahadi za jengo.

Chukua mfano wa baba mmoja wa Mwanza, shemasi katika kanisa lake. Mshahara wake ulikuwa shilingi 2,600,000 kwa mwezi. Watoto wake wawili walisoma shule ya kulipia. Alimtumia mama yake fedha kule Ukerewe kila mwezi, na mtoto wa marehemu kaka yake alisoma sekondari kwa gharama yake. Miaka miwili nyuma alikopa shilingi 18,000,000 kwenye SACCOS ili amalize nyumba, na ndugu watatu wa kanisa lake walitia sahihi kuwa wadhamini. Barua ilipofika, deni lililobaki lilikuwa kama shilingi 10,000,000.

Hakumwambia mke wake. Kwa majuma saba alivaa shati lililopigwa pasi, akabeba mkoba, akaaga, akaenda kukaa kando ya ziwa hadi jioni. Fedha za kiinua mgongo zililipa ada, zikalipa rejesho moja la mkopo, zikanunua vitu vya nyumbani kama kawaida. Rejesho la pili halikulipwa. Mmoja wa wadhamini, mwalimu wa shule ya msingi, alipokwenda SACCOS kuchukua akiba yake ili binti yake aanze chuo, akaambiwa akiba hiyo imezuiwa kwa ajili ya mkopo wa ndugu yake katika Kristo.

Baba huyu hakuiba. Hakufukuzwa kwa uvivu wala kwa ulevi. Uamuzi uliomwondolea kazi ulifanyika mbali, na watu wasiomjua. Basi swali la somo hili ni hili: mtu aliyepatwa na hasara isiyo kosa lake, anawajibika kwa kiasi gani kwa yale yanayofuata?

Majibu matatu yasiyotosha

Jibu la kwanza husikika hata kanisani: lazima kuna jambo. Pengine hakurudisha zaka kwa uaminifu, pengine kuna dhambi imefichwa. Soma Luka 13:1–5. Yesu aliwataja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akakana kwamba walikuwa na hatia kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Hakuruhusu msiba wa mtu ugeuzwe kuwa ushahidi dhidi yake. Anayemtafutia dhambi mtu aliyepoteza kazi anajaribu kufanya kazi ambayo Bwana mwenyewe aliikataa.

Jibu la pili ni la upande wa pili: si kosa lake, basi asidaiwe lolote. Waliokata fedha ndio wabebe. Jibu hili lina huruma, lakini halimfikii yule mwalimu. Akiba yake imezuiwa, na yeye pia hana kosa. Kama kutokuwa na kosa kunamwondolea mtu wajibu, basi deni hili halina mwenyewe, na atakayelilipa ni yule tu aliye rahisi kushikwa.

Jibu la tatu ndilo alilolichagua baba huyu bila kulitamka: ni mimi peke yangu, nitalimaliza kimya kimya kabla mtu hajajua. Kwa nje jibu hili linafanana na uwajibikaji wa mwanamume. Matokeo yake yalikuwa majuma saba ya uongo, na fedha zilizotumika kulinda sura ya nyumba ambayo tayari ilikuwa imebadilika.

Majibu yote matatu yanachanganya mambo mawili: lawama na wajibu. Lawama huuliza ni nani aliyesababisha. Wajibu huuliza ni nani anayepaswa kufanya jambo sasa. Radi ikichoma nyumba usiku, hakuna wa kulaumiwa, lakini baba na mama bado wanapaswa kuwatafutia watoto mahali pa kulala. Paulo anapoandika juu ya kuwatunza watu wa nyumbani (1 Timotheo 5:8), haulizi kwanza ni nani aliyesababisha upungufu.

Miaka ya shibe

Hata hivyo haki inadai kutazama nyuma pia. Soma Mwanzo 41:33–36. Yusufu alimshauri Farao kuweka sehemu ya tano ya mavuno katika miaka saba ya shibe. Nchini Tanzania mchango wa mfanyakazi wa sekta binafsi katika mfuko wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, mfanyakazi na mwajiri wakichangia pamoja. Hiyo nayo ni sehemu ya tano. Lakini ghala hilo limejengwa hasa kwa ajili ya uzee. Anayeachishwa kazi bila kupenda, akiwa ametimiza masharti ya uchangiaji, hupata fao la kukosa ajira, ambalo ni kama theluthi ya mshahara kwa miezi 6. Kiinua mgongo cha kisheria nacho ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani: angalau malipo ya siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Aliyefanya kazi miaka 6, na siku yake ikihesabiwa shilingi 100,000, sheria inampa shilingi 4,200,000. Kwa baba huyu hiyo haifiki mishahara miwili.

Je, alikuwa mzembe? Tazama fedha zilikwenda wapi. Zilikwenda kwa mama mjane, kwa yatima wa kaka yake, kwa ada na kwa jengo la kanisa. Ni vigumu kuonyesha shilingi iliyotupwa. Lakini mshahara uliotegemea mradi wa muda uliwekewa mkopo wa miaka minne, kana kwamba mkataba hauna mwisho. Kupotea kwa kazi hakukuwa kosa lake. Ukubwa wa deni aliuchagua yeye, na aliuchagua kwa sahihi za watu wengine. Mithali 22:26–27 inawaonya wadhamini, na onyo hilo linamhusu mkopaji pia: anapomwomba ndugu sahihi, anamwomba aweke rehani kitanda chake mwenyewe.

Kukiri hilo si kujilaani. Mtu anayejua ni sehemu gani ilikuwa yake anaweza kuitubia na kuirekebisha. Anayejilaumu kwa kila kitu na anayejitetea katika kila kitu hufanana katika hili: wote wawili hawana pa kuanzia.

Wakili aliyeachishwa kazi

Katika mifano yote ya Yesu, ule wa Luka 16:1–8 unamhusu waziwazi mtu anayepoteza kazi nzuri. Wakili yule anajisemesha moyoni. Kulima hana nguvu, na kuomba anaona haya. Sentensi hizo mbili zinafahamika katika nyumba nyingi: kazi iliyopo inaonekana kuwa ya chini mno, na msaada uliopo unaonekana kuwa wa aibu mno. Bwana wake alimsifu kwa busara, kwa kuwa aliikabili hali yake siku ileile. Hakusifiwa kwa udanganyifu.

Udanganyifu wake ulikuwa upi? Alijinunulia heshima na makaribisho kwa mali ya mtu mwingine. Hapo ndipo shemasi wa Mwanza anapopaswa kusimama na kujitazama. Kila siku aliyoondoka na mkoba, heshima yake ililipiwa. Nauli, chakula cha mchana na ada iliyolipwa kamili ili shule isiulize, vyote vilipunguza fedha ambazo zingetosha marejesho kadhaa. Aliyelipia sura hiyo mwishoni ni mwalimu na binti yake. Hakukusudia hivyo, lakini ndivyo hesabu ilivyokwenda. Siri ya fedha ndani ya nyumba mara chache hubaki mali ya mwenye siri.

Una nini nyumbani?

Soma 2 Wafalme 4:1–7. Mume wa mjane huyu alimcha Bwana, naye aliacha deni. Maandiko yanasema yote mawili bila kuona haya, na Elisha hamwulizi mjane ni kwa nini mume wake alikopa. Anamwuliza ana nini nyumbani. Mjane anaanza kwa kusema hana kitu, kisha anakumbuka chupa ya mafuta.

Angalia hatua zilizofuata. Kwanza ilimpasa kuwaendea majirani kuazima vyombo, na vyombo vingi vitupu haviazimwi bila mtaa kujua kwamba kuna shida. Muujiza ulihitaji kwanza siri iishe. Pili, watoto wake walishiriki, wakimletea vyombo mlango ukiwa umefungwa. Tatu, agizo lilikuwa na mpangilio: auze mafuta, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki. Mwenye kudai hakusahauliwa kwa sababu ya muujiza.

Baba yule alimwambia mke wake usiku wa siku ambayo mwalimu alimpigia simu. Mke alilia, kisha akasema jambo moja: "Ungeniambia siku ya kwanza, kile kiinua mgongo tungekipangia pamoja." Siku ya pili waliwaita wadhamini wote watatu. Mmoja alisali nao. Mwalimu hakusali, alisema amekasirika, na alikuwa na haki. Walikubaliana kwenda SACCOS pamoja kuomba rejesho dogo kwa muda mrefu zaidi. Gari liliuzwa, na fedha zake zikaenda kwenye deni ili akiba ya mwalimu ifunguliwe. Watoto walihamia shule ya serikali. Mke akaanza kununua dagaa pale Mwaloni Kirumba na kuwauzia wateja wa bara, na mume, aliyezoea kompyuta na mikutano ya hotelini, akawa anapanga magunia. Mama wa Ukerewe alipoambiwa ukweli alijibu kwamba yeye ana mihogo shambani, na kwamba wao ndio waje kuchukua.

Zaka, ahadi na ndugu

Ilibaki kanisa. Zaka ni sehemu ya kumi ya kile ambacho Mungu ametoa. Mwezi usio na pato hauna deni la zaka, na pato dogo lina zaka ndogo. Ahadi ya jengo ni jambo jingine, kwa kuwa iliwekwa kwa kinywa cha mtu. Soma Mambo ya Walawi 27:8. Mtu aliyeweka nadhiri kisha akawa maskini kuliko kiwango kilichowekwa alisimamishwa mbele ya kuhani, naye kuhani akapanga kiasi kulingana na uwezo wake. Sheria ileile iliyoheshimu nadhiri ilikuwa na mlango kwa aliyepungukiwa, ila alipaswa kuja na kusimama mbele ya kuhani. Shemasi alikwenda kwa mzee wa kanisa na kueleza. Ahadi yake ikapunguzwa, na hakuna aliyeitangaza mimbarani.

Wagalatia 6 inasema mambo mawili yanayoonekana kupingana: katika fungu la 2 waumini wachukuliane mizigo, na katika fungu la 5 kila mtu atabeba wa kwake. Paulo alitumia maneno mawili tofauti ya Kigiriki, baros, yaani uzito unaolemea, na phortion, shehena ya mtu mmoja. Biblia ya Kiswahili nayo imeyatofautisha: mzigo na furushi. Kupotea kwa kazi ni mzigo. Kanisa linalomwacha ndugu aubebe peke yake limeivunja sheria ya Kristo. Kusema kweli, kuhesabu, kuuza kinachouzika, kukubali kazi iliyopo na kumtazama mdhamini usoni ni furushi. Hakuna mzee wa kanisa, mke wala rafiki awezaye kulibeba kwa niaba ya mwenyewe. Wengi huinamia mzigo hadi wakaliacha furushi, kisha hushangaa kwamba hakuna aliyekuja kusaidia. Watu hawakujua pa kushika.

Deni la shemasi halijaisha. Mwalimu na yeye wanasalimiana mlangoni kila Sabato, na salamu hiyo imeanza kurefuka kidogo. Binti wa mwalimu yuko chuoni.

Maswali ya kujadili

1. Mtu anapopoteza kazi bila kosa, ni sehemu gani ya yanayofuata iliyo yake, na ni ipi isiyo yake? Toeni mifano.

2. Mke alisema wangepanga pamoja. Kuficha hali ya fedha kwa mwenzi wa ndoa "ili asiumie" kuna tofauti gani na uongo mwingine?

3. Je, mwalimu alikosea kukataa kusali siku ile? Msamaha unamdai nini mtu ambaye akiba yake bado imezuiwa?

4. Kanisa lenu lina njia gani ya kumfanya aliyepungukiwa aje kusema mapema, kabla SACCOS haijapiga simu?

5. Kama mshahara wa nyumba yako ungekoma mwezi huu, ungelijibuje swali la Elisha?