Mzazi Asiyelipa Shule, Ana Deni Gani?

Tangu Septemba 2019 shule za msingi za serikali, pamoja na zile zinazoongozwa na Kanisa kwa mapatano na serikali, hazipaswi tena kumdai mzazi ada. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2006 kilikuwa kimekwisha kuagiza hivyo, lakini agizo lilikawia kutimizwa. Katika mitaa ya Kenya na Katuba, mjini Lubumbashi, wazazi walifurahi, na furaha yao ilikuwa ya haki. Ila tangu siku hizo wako wasemao: «Mtoto sasa ni wa serikali, mimi sina kazi shuleni.» Je, neno hilo ni la kweli?

Mji huu ulikwisha kulisikia zamani, kwa sura nyingine. Katika miaka ya 1920 kampuni ya Union Minière ilianza kuwakabidhi wamisionari Wabenedikto shule za watoto wa wafanyakazi wake. Kampuni ilitoa nyumba, posho, hospitali na shule, hata ikahesabiwa kuwa baba. Naye baba wa nyumbani akabaki na machache ya kuamua juu ya watoto wake. Mwanahistoria Dibwe dia Mwembu, wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alitoa mwaka 2001 kitabu ambacho jina lake lataja wana wa Shaba walioachwa na baba yao. Maana katika miaka ya 1990 Gécamines, mrithi wa kampuni ile, ilianguka, na mshahara wa mwalimu wa serikali ukawa si kitu. Ndipo wazazi wenyewe walipobeba mzigo wa kumlipa mwalimu. Mzigo huo uliokoa shule nyingi, wala haifai kuudharau. Lakini uliacha mazoea mabaya: mzazi alifika shuleni akiwa na franga mkononi, au akiwa ameitwa kwa sababu hana, na mtoto asiyelipiwa alirudishwa nyumbani.

Kampuni ikilipa, mzazi akilipa, serikali ikilipa, kulipa ni jambo moja na kulea ni jambo jingine. Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika tamko lake la tarehe 28 Oktoba 1965 juu ya malezi ya Kikristo, wafundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza, na kwamba wakikosa kazi yao ni vigumu kupata wa kuijaza nafasi yao.

Labda mtu atajibu: «Zamani nililipa, basi niliweza kuuliza. Leo napewa bure. Anayepewa bure hulalamikaje?» Jibu hilo lina unyenyekevu, lakini limepotoka. Kama haki ya kuuliza habari za mtoto ingenunuliwa kwa franga, maskini asingekuwa na haki hiyo hata siku moja. Tena tangu ada iondolewe, madarasa mengi yamejaa kupita kiasi. Mwalimu mwenye watoto wengi mbele yake hawezi kumwona kila mmoja. Mzazi anaye wake wa kumtazama. Asipomtazama yeye, mtoto aweza kukaa mwaka mzima katika benchi la nyuma bila kuelewa kitu, wala mtu asijue.

Wengine hujitetea kwamba hawajui Kifaransa, wala hawawezi kusoma buletini, ile karatasi ya alama. Hao wamkumbuke Bwana Yesu alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Maria na Yosefu walimtafuta, na siku ya tatu wakamkuta hekaluni katikati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza. Mwinjili Luka asema wazi kwamba hawakuelewa neno alilowajibu. Hawakuelewa, lakini walikuwa wamekuja. Naye akashuka pamoja nao akawatii. Mama asiyejua kusoma aweza kumwambia mtoto afungue daftari na kueleza kwa Kiswahili alichofundishwa siku ile. Mtoto akinyamaza, mama amekwisha kujua jambo.

Lililo gumu zaidi ni njaa. Mjane auzaye makala sokoni ahitaji mikono ya binti yake, na asiyelala njaa asiwe mwepesi wa kumhukumu. Lakini iko tofauti kati ya kumtuma mtoto baada ya masomo na kumzuia asiende masomoni siku za soko, juma baada ya juma. Pale ndipo dhamiri ya mzazi yapaswa kusema, na pale pia jirani na jumuiya ya Wakristo wana sehemu yao: mjane akisaidiwa kuuza asubuhi ile moja, binti hukaa darasani.

Sheria imeweka katika kila shule komite ya wazazi. Siku ya mkutano wake, mtu aende, hata akiwa hana senti mfukoni, aulize jina la mwalimu wa mtoto wake, na kumwambia kwamba mtoto yule ni wake.