Hukumu ya Fedha ya Dhamana Katika Nyumba ya Kupanga

Bismillahi Rahmani Rahim. Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, jueni, enyi Waislamu, ya kuwa mtu wa pwani akihamishwa kikazi kwenda Isikizya, makao ya Wilaya ya Uyui katika Mkoa wa Tabora, hutafuta kwanza chumba. Hulipa kodi ya miezi kadha mbele, na pengine hutakiwa fedha nyingine, ikae kwa mwenye nyumba mpaka siku ya kutoka. Siku hiyo ndipo husuma huzuka: chokaa imefifia, bawaba zimeshika kutu, sakafu ina ufa, mwenye nyumba hukata hapa na pale, hata fedha yote ikaisha.

Basi fedha ile ni nini? Si kodi. Wala si rehani sahihi kwa madhehebu ya Imamu Shafi, kwani rehani huwekwa kwa deni lililokwisha thubutu, na siku ya kuingia hapana deni. Ni mali ya mpangaji, nayo ni amana. Na mwenye nyumba akiruhusiwa kuitumia, huwa deni shingoni mwake.

Ama nyumba, nayo ni amana mkononi mwa mpangaji. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), ameeleza katika Minhaj ya kuwa matengenezo ni juu ya mwenye kukodisha, na mpangaji halipi kilichoharibika illa akiwa amevuka mpaka. Kinachochakaa kwa kukaliwa kwa desturi kimekwisha lipwa ndani ya kodi. Atakaye chokaa yake ibaki nyeupe miaka mitatu, na aifunge nyumba asiipangishe. Katika karne ya 19, misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilipopita Unyanyembe, watu walikaa katika tembe za udongo zenye paa bapa, kama lile la Kwihara alilokaa Livingstone mwaka 1872. Ni haki gani kumdai mgeni kwa kuwa mvua imelainisha udongo wa paa?

Lakini mpangaji naye asijifurahishe. Fuqaha wamemkataza aliyepanga nyumba ya kukaa asimweke ndani mhunzi, na Unyamwezi ni nchi iliyojua uhunzi tangu zamani. Akigeuza chumba cha kulala kuwa jiko la makaa, ukuta ukajaa masizi, atalipa. Akivunja kitasa kwa hasira, atalipa. Ila atalipa thamani ya kitasa kile kikuukuu, si bei ya kipya dukani.

Wakibishana, mwenye kudai ndiye aletaye ushahidi, na mpangaji husadikiwa kwa kiapo chake. Mwenye nyumba wa leo amekuwa mdai, kadhi na mtozaji pamoja, kwa sababu tu fedha imo mfukoni mwake! Wala haimfai kushurutisha ya kwamba kila kiharibikacho ni juu ya mpangaji: sharti hilo ni batili.

Siku ya kuingia, na wazunguke chumba wote wawili pamoja na mashahidi, waandike kila ufa. Siku ya kutoka waisome karatasi ile ile, na kilichobaki kirudishwe hapo hapo.

Wallahu aalamu.