Tuwaheshimuje Waliotupigania?

Kila mwaka, tarehe 25 Julai, taifa letu huwakumbuka mashujaa wake. Rais huweka mkuki na ngao penye mnara, Mkuu wa Majeshi huweka sime, kiongozi wa mabalozi huweka shada la maua, Meya upinde na mshale. Na mzee mmoja, kwa niaba ya askari wa zamani, huweka shoka. Tarumbeta hulia, watu husimama kimya, na viongozi wa dini huwaombea marehemu. Ni desturi njema, nasi hatuna neno la kuilaumu.

Siku hiyohiyo, huko Mwamapalala, wilayani Itilima katika mkoa wa Simiyu, watu wamo katika shughuli za pamba. Mizani imetundikwa, karani aandika, wakulima wangoja zamu zao. Redio ya dukani yatangaza habari za mnara na shada. Katika mstari huo wa wenye pamba yamkini yumo mzee aliyevuka mpaka wa Mutukula mwaka 1979, kijana mwenye bunduki begani. Hakuna anayempisha. Hawafanyi hivyo kwa ubaya: ama hawajui, ama walijua wakasahau, ama wamechoshwa na masimulizi yake. Vijana humpigia saluti ya mzaha wakacheka, naye hucheka pamoja nao. Hatumtaji mtu fulani, kwani wazee wa namna hiyo wamo katika vijiji vingi vya Usukuma, na si vya Usukuma peke yake.

Basi twauliza: yawezekanaje taifa moja, kwa siku moja, limpe askari mkuki na ngao penye mnara, na limnyime kiti penye mizani?

Jibu la kwanza ni jepesi, nalo si la kujivunia. Askari aliyekufa ni mgeni asiyetaabisha. Hali chakula, haugui mgongo, hadai mafao, wala harudii hadithi ileile mara ya kumi. Aliye hai hutusumbua. Ana madeni dukani, pengine ana ulevi, pengine usiku hupiga kelele usingizini, na mkewe ndiye ajuaye. Kumsifu marehemu kwagharimu maua. Kumsifu aliye hai kwagharimu zaidi.

Lakini yafaa tutazame nyuma, maana desturi yetu ya kutowajua askari wa zamani haikuanza jana. Mwaka 1927 serikali ya Waingereza ilisimamisha sanamu ya askari Mwafrika katikati ya Dar es Salaam, mahali palipokuwa na sanamu ya Mjerumani Hermann von Wissmann. Askari yule wa shaba bado yupo, bunduki yake imeelekezwa bandarini. Yeye ni ukumbusho wa wote, na kwa hiyo hana jina. Na wale wapagazi waliobeba vyakula na risasi vichwani mwao katika Vita Kuu ya kwanza, wakafa kwa kuhara na homa na njaa kuliko kwa risasi? Jina la kikosi chao limebaki katika Kariakoo, nasi twaenda huko kununua vitenge na vitunguu. Mnamo Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda kufikia 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, waliofia upande wa Waingereza katika vita ile, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ilikiri pia kwamba sababu mojawapo ilikuwa dharau ya rangi. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni, miaka 100 na zaidi baada ya mazishi yasiyokuwako.

Vita ya pili ilifuata. Askari wa King's African Rifles walipelekwa Uhabeshi, Madagaska na Burma. Mnamo 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyokuwa na askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, ilizamishwa katika Bahari ya Hindi, na watu zaidi ya 1,200 wakafa maji kwa dakika chache. Mwisho wa mwaka huohuo askari wa divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walikuwa wamekwisha pita katika matope ya bonde la Kabaw hata kufika Kalewa. Walipoachishwa kazi, bahashishi ya kuagana ilihesabiwa kwa rangi ya ngozi, Mwafrika akapewa sehemu ndogo ya ile aliyopewa Mzungu wa cheo kilekile. Nasi tuliwapokeaje? Siasa za Uhuru zilipopamba moto, wengine waliwaona kuwa watumishi wa mkoloni. Kisha yakaja maasi ya askari ya Januari 1964, Tanganyika Rifles ikavunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huo likaanzishwa Jeshi la Wananchi. Jeshi jipya lilihitaji kuonekana jipya. Wazee wa Burma wakabaki katikati: kwa Mwingereza walikuwa wenyeji, na kwa wenyeji walikuwa wa Mwingereza.

Hapa ndipo penye swali lenyewe. Je, twamheshimu askari kwa sababu vita yake ilikuwa ya haki? Kama ndivyo, basi mzee wa Burma hana sehemu yake kwetu, kwani mfalme aliyemtumikia hakuwa wake. Hata kipimo hicho hubadilika kila serikali inapobadilika. Nchini Kenya wapiganaji wa Mau Mau walibaki chini ya marufuku hata mwaka 2003, miaka 40 tangu Uhuru. Na mwaka 2013 Uingereza ikakubali kuwalipa watu zaidi ya 5,000 walioteswa wakati ule. Mtu yuleyule, aliyefanya mambo yaleyale, jana mhalifu na leo shujaa! Hatusemi kwamba haki ya vita si kitu. Yawapasa watawala waitafute kwa hofu ya Mungu kabla ya kutoa amri. Lakini kuruta wa miaka 19 hakuulizwa. Twaona kwamba deni letu kwake latoka mahali pengine: latoka kwa yule aliyemtuma. Anayemtuma mtoto kisimani usiku ana wajibu wa kumngoja mlangoni, hata kama maji hayakuhitajiwa sana.

Kwa kipimo hicho deni la Burma ni la Waingereza kwanza. Letu ni la ndugu, yaani kumzika mtu vizuri, kulijua jina lake, na kutomwita kibaraka. Bali deni la Kagera ni letu lote. Tarehe 2 Novemba 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuingia na kulinyakua eneo la kaskazini ya mto Kagera, Mwalimu Nyerere aliliambia taifa kwamba twapigana. Hakuna mgeni aliyetutuma. Mwandishi wa maneno haya hakuwa amezaliwa, lakini amekuwa akiwasikia wakubwa wakisimulia jinsi watu walivyochanga ng'ombe na chakula, na jinsi mgambo walivyoitwa kutoka mashambani kuongeza nguvu za jeshi. Kampala ilitwaliwa tarehe 11 Aprili 1979. Wananchi wakaambiwa wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi ile ikapita, ikaja mingine isiyohesabiwa, chumvi na sabuni zikawa adimu, na katika dhiki ile ni nani aliyekuwa na nafasi ya kumwuliza mgambo aliyerudi jinsi alivyorudi? Alivua sare, akashika jembe la pamba. Kwa kuwa wengi wao hawakutumikia miaka ambayo sheria huitaka, hawakupata pensheni. Jambo hili limeulizwa Bungeni mara kadhaa, na majibu ya sheria yametolewa. Labda ni majibu sahihi. Lakini kuna deni lisilosomeka katika sheria ya pensheni.

Twataka kuongeza jambo ambalo halitajwi penye minara. Makabila kadhaa ya Afrika Mashariki, Wajaluo na Wanandi miongoni mwao, yalikuwa na desturi kwamba mtu aliyeua vitani, hata akiwa ameua adui, hakuingia moja kwa moja nyumbani mwake. Alikaa kando siku kadhaa, akatakaswa, akanyolewa, wazee wakamrudisha taratibu kwa watu. Wakristo wa kwanza nao hawakuwa mbali na fikira hiyo. Mtakatifu Basili Mkuu, askofu wa Kaisaria katika karne ya 4, aliandika kwamba mababa hawakuhesabu kuua vitani kuwa sawa na uuaji. Walakini aliona yafaa askari wajizuie kupokea Komunyo kwa miaka 3, maana mikono yao haikuwa safi. Msomaji wa leo ataona adhabu kali. Sisi twaona huruma ndani yake. Babu zetu na Basili walijua kwamba mtu aliyetumwa kuua, akaua, amebeba kitu ambacho nishani haiwezi kukishusha. Walimpa muda, mahali, na watu wa kumpokea. Sisi twampa gwaride, na ikiwa hana bahati hata gwaride hapati. Kisha twashangaa kwa nini mzee huyu anywa sana, na kwa nini arudia hadithi ileile. Arudia kwa sababu hajapata wa kuimaliza naye.

Wengine huogopa kwamba kumheshimu askari ni kuisifu vita. Hofu hii si ya bure, kwani tumeona nchi ambazo sare imekuwa kibali cha kumpiga raia. Yohane Mbatizaji alipoulizwa na askari wafanye nini, hakuwaambia waache kazi yao; aliwaambia wasimdhulumu mtu na waridhike na mshahara wao. Na Mtaguso wa Vatikano wa pili, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Kanisa na ulimwengu wa sasa, ulisema kwamba askari atumikiaye vema ni mtumishi wa usalama na uhuru wa watu, katika sura ileile inayokemea vita kwa maneno makali. Mambo hayo mawili yakaa pamoja katika hati moja.

Yakae pamoja pia katika masimulizi yetu. Heshima iliyojengwa juu ya uongo haimfai askari mwenyewe. Huko Mutukula, mwezi wa Januari 1979, baadhi ya askari wetu waliokuwa na hasira ya yale waliyoyaona Kagera waliwaua raia, na mji ukabomolewa. Mwalimu alipopata habari alifadhaika, akaamuru raia na mali zao wasiguswe. Na mwenendo wa jeshi letu katika safari ndefu iliyobaki ulisifiwa na wengi. Mzee aliyekuwa Mutukula ajua yote mawili. Tukimlazimisha asimulie la pili tu, tumemfunga mdomo nusu, na hiyo nusu iliyofungwa ndiyo imwamshayo usiku.

Tena vita si vya zamani tu. Usiku wa tarehe 7 Desemba 2017 askari wetu wasiopungua 14, waliokuwa chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, waliuawa Semuliki katika Kivu ya Kaskazini. Majeneza yalipokelewa kwa heshima kubwa. Ni wangapi kati yetu wanaoweza kutaja hata jina moja? Na wajane wao wako wapi, watoto wao wasoma wapi? Mwandishi ajiuliza pia.

Mambo ya fedha twaiachia Serikali, tukiikumbusha tu kwamba wazee wa mwaka 1979 hawana miaka mingi ya kungoja tume na kamati. Lakini yapo yasiyohitaji bajeti. Kule Mwamapalala, na kila penye parokia au kigango, tusingoje Julai. Vijana wa parokia wanaojua kuandika vizuri wakae na hawa banamhala, jioni moja au tatu, waandike: jina, kijiji, mwaka alioitwa, mahali alipopigana, wenzake walioanguka na mahali walipozikwa. Wasimkatize. Akilia wamwache alie. Akisema jambo baya alilolitenda, wasiliandike, ila wamweleze kwamba padre yupo. Daftari hilo likae parokiani pamoja na vitabu vya ubatizo na vya wafu.

Na itakapofika tarehe 2 Novemba, siku ya marehemu wote, ambayo ndiyo tarehe ileile tuliyoambiwa mwaka 1978 kwamba twapigana, majina ya walioanguka yasomwe katika Misa. Mamia ya askari wetu wamelala Kaboya, wilayani Muleba, safari ndefu kutoka Simiyu; wazazi wengi walikufa bila kuyaona makaburi hayo. Padre akipenda, baada ya majina yao, aongeze sala kwa ajili ya vijana wa Uganda waliokufa katika udongo wetu na kuzikwa bila alama. Nao walitumwa. Tuliwahi kumwuliza mzee mmoja aliyepigana vita ile kama sala hiyo ingemchukiza. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama majina yao yalipata kujulikana.