Jiwe Lililokuwa Hai

Wapo wanaochelea kwamba elimu ya mawe, kwa kuwa huhesabu miaka kwa malaki, itamtoa mtu katika itikadi yake. Nami, kila nizitazamapo kwa makini kuta za misikiti ya kale ya pwani yetu, naona kinyume cha hayo.

Mwenye kutaka yakini kwamba jiwe la kuta hizo ni la chokaa na alikwaruze kwa ncha ya kisu, kisha audondoshee ule unga maji ya ndimu, atauona ukitoa vipovu. Lakini dalili iliyo bora ni ya jicho: palipovunjika upya, hasa pakilowa maji, hudhihiri vitundu vidogo vidogo, kila kimoja na vikuta vyembamba vinavyoelekea katikati mithili ya miale ya nyota, na pengine ubavuni ganda la chaza lililogandamana na mwamba. Kila kitundu kilikuwa maskani ya kiumbe mmoja wa matumbawe, aliyejijengea nyumba kwa chokaa iliyoyeyuka baharini. Na mwamba wa Mombasa, ambao juu yake Ngome ya Yesu ilianza kujengwa mwaka 1593, ulikuwa fungu hai chini ya maji zaidi ya miaka 100,000 iliyopita.

Mafundi wa zamani waliijua vyema tabia ya jiwe hili. Kuta walizijenga kwa mawe ya kuchimbwa nchi kavu, bali kwa nakshi za mihrabu walikata matumbawe baharini yangali mabichi na laini, wakayachonga kabla hayajakauka na kuwa magumu.

Wala fikira kwamba nchi kavu iliwahi kuwa bahari si ngeni katika Uislamu. Mwanachuoni Al-Biruni, takriban miaka 1,000 iliyopita, alitaja makombe yanayoonekana visima vichimbwapo katika majangwa ya Arabuni, akatoa hoja kwamba pale palikuwa bahari.

Basi, ikiwa tunaitakidi kwamba kila kiumbe humsabihi Mola wake kwa namna tusiyoifahamu, hasara gani kwetu kujua kwamba tasbihi hiyo ilikuwako zama na zama kabla ya mwanadamu kutia mguu ufukoni? Naona ni adabu kujua umri wa jiwe tunaloelekea katika sala, na ni mghafala kulipita bila kulitazama. Nawasihi walimu wa vyuo wawatoe watoto nje, wawaonyeshe ukuta uliobanduka lipu, na wawaachie wakati wa kutosha wa kuutazama.