Kusafisha Nyumba kwa Kumtoa Mwenye Nyumba

Mara nyingi twasikia kwamba mtu mwema akishika jambo jema, matunda yake yatakuwa mema. Tumekuwa tukilifikiri neno hilo kwa sababu ya padre mmoja wa Kanisa letu la Anglikana huko Marekani, Edgar Gardner Murphy, aliyekuwa mchungaji wa Mtakatifu Yohana, Montgomery, katika jimbo la Alabama, tangu mwaka 1899 hadi 1901.

Siku zile viwanda vya pamba vilikuwa vikiota upesi kusini mwa Marekani, na watoto wadogo walifanya kazi humo mchana na hata usiku. Padre Murphy hakunyamaza. Mwaka 1901 alianzisha kamati ya kupinga kazi ya watoto, akaandika vijitabu, akabishana na wenye viwanda. Mwaka 1903 Alabama ikapata sheria iliyoweka umri wa miaka 12, ingawa ilikuwa na mianya, na mwaka uliofuata alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kamati ya taifa zima. Hatuna budi kumheshimu kwa hayo.

Lakini mwaka ule ule wa 1901 jimbo lake lilikuwa likiandika katiba mpya, nayo pia iliitwa matengenezo. Uchaguzi wa Alabama ulikuwa umeoza. Kura za watu weusi ziliibiwa na kuhesabiwa upande wa wakubwa, na kila mtu alijua. Basi wakubwa wakasema: tukiwaondoa weusi katika daftari, wizi utakoma. Yaani jirani yako anaibiwa kuku kila usiku, nawe unaleta amani kijijini kwa kumkataza asifuge kuku! John B. Knox, mwenyekiti wa mkutano wa katiba, hakuficha kitu. Alieleza kwamba kusudi ni kuweka utawala wa weupe kwa njia ya sheria.

Katiba ya Marekani, tangu mwaka 1870, ilikataza kumnyima mtu kura kwa ajili ya rangi. Kwa hiyo rangi haikutajwa. Ikatajwa kodi ya dola 1 na nusu kila mwaka, na malimbikizo yake. Kukatajwa kusoma, mali, na tabia njema, na mwenye kuipima tabia hiyo alikuwa mwandikishaji mweupe. Aliyepigana vita, au aliye mzao wa mpiganaji, aliweza kuandikishwa kabla mlango haujafungwa. Watu weusi wenye umri wa kupiga kura walikuwa zaidi ya 180,000; kufika mwaka 1903 walioandikishwa walikuwa kama 3,000. Na katiba hiyo ya kukomesha wizi ilipita kwa kura za wilaya zenye weusi wengi, ambazo eti ziliikubali kwa wingi mkubwa. Msomaji ataona mwenyewe kura hizo zilitoka wapi.

Padre Murphy alisimama wapi? Alipinga upendeleo wa wazao wa wapiganaji. Alitaka kipimo kimoja kwa weupe na weusi. Lakini wazo lenyewe la kupunguza wapiga kura hakulikataa. Mwaka 1900 alikuwa ameitisha mkutano mkubwa Montgomery juu ya mambo ya rangi, na hakuna mtu mweusi aliyealikwa kusema. Hatudhani alikuwa mnafiki. Twadhani aliamini kwamba mtu aweza kuwatendea wengine mema bila wao kuwapo mezani, na hilo ndilo linalotutia hofu, kwa maana ni kosa la watu wema.

Tazameni ilivyokuwa. Viwandani walifanya kazi weupe karibu watupu, na watoto weusi walikuwa mashambani, ambako sheria ya 1903 haikuwafikia. Nani angewasemea, ikiwa baba zao hawakuwa na kura? Tena kodi ile iliwatoa daftarini weupe maskini maelfu kwa maelfu, na miongoni mwao mlikuwa na wazazi wa watoto wale wale wa viwandani. Aliyetaka kuwaponya watoto alikubali wazazi wanyamazishwe.

Katika mji ule ule aliishi Jackson Giles, mtu mweusi aliyekuwa akipiga kura kwa miaka mingi. Alikataliwa kuandikishwa, akashtaki kwa niaba yake na ya wenzake zaidi ya 5,000. Mwaka 1903 Mahakama Kuu ya Marekani ilimjibu kwa kalamu ya Jaji Holmes: ikiwa watu wa jimbo wamekusudia kuwazuia weusi, jina kwenye karatasi halitasaidia kitu, aende akatafute msaada kwa jimbo lenyewe, au kwa serikali ya taifa. Akaombe, basi, kwa wale wale ambao hawezi tena kuwachagua. Sheria ya taifa iliyoufungua mlango ule ilikuja mwaka 1965.