Majilio Tuliyoyafuta

Enyi watu wa Kanisa Anglikana, Desemba tumeifanya nini? Majilio hayazidi siku 28 wala hayapungui 22, na siku hizo chache ndizo Kanisa linazotupa tujichunguze kabla ya kulijongelea hori la Bethlehemu. Altare imevikwa zambarau, rangi ya toba, nasi mbele ya zambarau hiyohiyo tumeanza kula sikukuu tangu Jumapili ya kwanza. Kamati ya Krismasi imekaa vikao vyake, na ajenda tunazijua sote: ng'ombe, mchele, turubai, spika za kukodi, sare ya kwaya. Nani alisimama kikaoni akauliza habari ya waliokosana? Nani aliomba taarifa ya waliorudishiwa haki yao? Mtu asiye wa dini yetu akipewa muhtasari wa vikao hivyo, atajuaje kwamba ni vya kanisa na si vya kamati ya harusi?

Tumeyafuta Majilio. Na tunajua tumeyafuta.

Udhuru tunao, tumeukariri pamoja na watoto wetu: Krismasi ni mara moja kwa mwaka, waacheni watu wafurahi. Kana kwamba toba ni adui wa furaha! Kwa udhuru huo mwenye basi, muumini wa kiti cha mbele, hupandisha nauli wiki ileile maskini anapotaka kwenda kwao kuwaona wazazi. Kwa udhuru huo mwenye duka huuficha mchele stoo mpaka bei ikae anavyotaka, kisha hutoa gunia moja kanisani na kupigiwa vigelegele. Kwa udhuru huo ndugu wawili wanaogombea shamba la marehemu baba yao huvaa wakapendeza, hukaa pande mbili za kanisa, hunywea kikombe kimoja, na hurudi nyumbani bila kusalimiana. Mchungaji anajua. Wazee wa kanisa wanajua. Sisi tulioketi katikati yao tunajua, tena tunawakanya watoto wasilitaje jambo hilo, lisije likaharibu sikukuu.

Sikukuu gani hiyo inayoharibiwa na ukweli?

Mwaka 1549 Askofu Mkuu Thomas Cranmer alitoa Kitabu cha Sala kikiwa na sala ya Jumapili ya kwanza ya Majilio, na kitabu cha mwaka 1662 kikaagiza irudiwe kila siku mpaka mkesha wa Krismasi. Inaomba neema ya kuachana na kazi za giza sasa, tungali hai, kabla Bwana hajarudi kuhukumu. Waliotutangulia waliona kwamba kuiomba siku moja hakutoshi, maana mtu hung'ang'ania giza lake. Sisi tunaisoma mara moja, kwa haraka, macho yakiwa kwenye saa kwa sababu baada ya ibada kuna mnada. Na Injili ambayo kitabu hichohicho kimeipangia Jumapili hiyo ni ya Bwana kuingia Yerusalemu kwa shangwe, kisha kuingia hekaluni na kuzipindua meza za wabadili fedha. Shangwe tunaipenda. Meza tunaziruka.

Vivyo hivyo Yohana Mbatizaji. Umati ulipomwuliza ufanye nini ili kumpokea ajaye, hakuwatuma kwenye mazoezi ya nyimbo. Mwenye kanzu mbili alimwambia agawe moja. Mtoza ushuru alimwambia asizidishe kiwango. Askari alimwambia asimdhulumu mtu, atosheke na mshahara wake. Nguo, fedha, mamlaka: aligusa palepale tunapokataa kuguswa. Je, mahubiri hayo yakitolewa leo katika mtaa wetu, mhubiri atamaliza mwaka bila kuombewa uhamisho?

Tazameni mtu mmoja aliyemo katika nyumba zetu nyingi. Ni dada wa kazi. Jioni ya mkesha amepiga pasi gauni jipya la mtoto wa mwajiri wake. Lebo ingali inaning'inia kwapani, na bei ameisoma. Mshahara wake wa Oktoba hajaupata, wala wa Novemba. Alipouliza, mama mwenye nyumba, kiongozi wa akina mama kanisani, alimjibu: “Subiri kwanza sikukuu ipite, mdogo wangu.” Kisha familia ikapanda gari kwenda kwenye ibada ya masomo tisa na nyimbo, naye akabaki anakata vitunguu vya pilau. Masomo tisa, tangu anguko la Adamu hadi Neno kufanyika mwili, na hata moja halikufika jikoni.

Tukiyafanya hayo, tunasimama wapi na historia yetu? Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja, limejengwa palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873, na jiwe la msingi la kanisa likawekwa siku ya Krismasi ya mwaka huohuo. Mapokeo yanasema altare imesimama pale ilipokuwa nguzo ya kuchapia watumwa. Angalieni mpangilio: soko lilifungwa kwanza, Krismasi ikafuata. Sisi tunapeleka wageni wakaone vyumba vya chini ya ardhi, tunatikisa vichwa kwa huzuni, halafu tunarudi nyumbani kumfanyisha kazi binti wa watu bila ujira.

Tena tunamwita dada.

Msiseme naichukia furaha. Naililia. Jumapili ya tatu makanisa yetu mengi huwasha mshumaa wa rangi ya waridi, mshumaa wa furaha, na ni haki uwashwe. Lakini Kitabu cha Sala kinatuonyesha furaha hiyo ilitoka kwa nani. Jumapili ya tatu tunamsikia Yohana akiwa gerezani, akiletewa habari kwamba vipofu wanaona na maskini wanahubiriwa habari njema. Jumapili ya nne tunamsikia Paulo akiwahimiza Wafilipi wafurahi, naye yu kifungoni. Hawakuwa na sare wala spika. Walikuwa na dhamiri isiyodaiwa. Furaha yetu sisi inahitaji jenereta, na umeme ukizimwa saa sita usiku, tunabaki na nini?

Asisimame mtu akasema kosa hili ni la maaskofu, au la vijana, au la wafanyabiashara. Mchungaji asiyekemea, mzee wa kanisa anayepokea gunia bila kuuliza limetoka wapi, kwaya inayoimba amani huku sauti ya kwanza na ya tatu hawazungumzi, baba anayejua dada hajalipwa akanyamaza kwa sababu hayo ni mambo ya jikoni: sote tumo. Wito wa Meza ya Bwana huwaalika wanaotubu kweli na walio na upendo kwa jirani zao. Tumeusikia mara ngapi? Na tumeinuka mara ngapi, tukaenda mbele, hali tunajua hautuhusu?

Basi kila nyumba ianze leo. Mlipe dada mshahara wake wote, na nauli ya kwenda kwao juu yake. Mwenye basi arudishe nauli mahali pake. Mwenye duka afungue stoo. Ninyi ndugu wawili, nendeni kwa mchungaji pamoja, wiki hii, na hati ya shamba mkononi. Kamati ya Krismasi iitishe kikao kingine, ajenda iwe moja: nani katika mtaa huu anatudai? Hayo yakishafanyika, imbeni usiku kucha. Hakuna atakayewazuia, na binti aliyekuwa jikoni atakuja kuimba nanyi.